Watalii na matumizi ya kaya Zanzibar, robo kwa robo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wenye maduka wa Mjini, wafanyakazi wa hoteli za mashamba, wanafunzi wenye ripoti za kuandika na jamaa walioko nje wanaotaka kujua kama wakati umefika wa kuweka fedha nyumbani. Majibu yameanza na mambo ya msingi, yakamalizia na yale ya pembeni. Jambo likishaelezwa mara moja halirudiwi. Namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Robo ya mwaka ni ipi hasa? Mbona wengine wanaita Julai robo ya kwanza?

Kwa kalenda ya kawaida, robo ya kwanza ni Januari hadi Machi, ya pili Aprili hadi Juni, ya tatu Julai hadi Septemba na ya nne Oktoba hadi Disemba. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hufuata mpango huo inapotoa Pato la Taifa la kila robo.

Serikali nayo ina mwaka wake wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo taarifa ya makusanyo ya kodi ikisema "robo ya kwanza", mara nyingi inakusudia Julai hadi Septemba, miezi ambayo hoteli zimejaa. Ukiichukua namba hiyo ukaiweka juu ya Januari hadi Machi, hesabu yako yote itapinda. Kabla ya kuamini maneno "robo ya kwanza imekwenda vizuri", uliza: ya kalenda au ya bajeti? Humu robo zote ni za kalenda.

2. Nani anahesabiwa kuwa mgeni? Nikitoka Dar es Salaam kwa boti nimo?

Hapana, wewe humo. Idadi ya watalii inayotangazwa kila mwezi ni ya wageni wa kimataifa, wale waliotoka nje ya Tanzania. Wengi wao hushuka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, wengine huingia kwa boti kupitia bandari ya Malindi wakitokea Bara baada ya kutembelea mbuga.

Mtanzania aliyetoka Dar, Arusha au Mwanza kuja kupumzika Nungwi hayumo, ingawa amelala, amekula na amelipa. Kwa mwenye biashara hilo ni pengo kubwa. Tazama swali la 17.

3. Wageni ni wangapi kwa mwaka?

Mwaka 2019 walikuwa 538,264. Mwaka 2020 wakashuka hadi 260,644, chini ya nusu. Mwaka 2021 wakafika 394,185, na 2022 wakawa 548,503, yaani kidogo juu ya 2019. Mwaka 2023 walikuwa 638,498 na 2024 wakafika 736,755.

Iweke namba hiyo ya mwisho kando ya sensa ya 2022, iliyohesabu wakazi 1,889,773 Unguja na Pemba. Kwa kila wakazi 100, wageni karibu 39 walipita mwaka 2024. Lakini hawaji kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Tazama swali la 10.

4. Matumizi ya kaya hupimwaje? Kuna takwimu za kila robo?

Kipimo kamili ni Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, unaofanywa baada ya kila miaka mitano: 2004/05, 2009/10, 2014/15 na 2019/20. Wadadisi huandika kila kilicholiwa, kilichonunuliwa na kilicholimwa nyumbani. Ni kazi nzito, haiwezi kufanywa kila miezi mitatu.

Kati ya utafiti mmoja na mwingine hutumika alama za njiani: fahirisi ya bei inayotoka kila mwezi, kodi ya ongezeko la thamani, mizigo inayoshushwa bandarini, na Pato la Taifa la kila robo lenye mafungu ya biashara na ya malazi na chakula. Kila moja inaonesha upande wake tu. Kodi haimuoni muuza urojo, na bandari haimuoni mvuvi.

Mimi huongeza alama moja ambayo haimo kwenye jedwali lolote: daftari la mikopo la duka la mtaa. Duka moja la Jang'ombe nimelifunua daftari lake kwa ruhusa ya mwenyewe. Kurasa za mwezi wa tano zimejaa mistari mifupi: mchele wa mapembe kilo mbili, sukari nusu, mafuta ya kupikia, sabuni, mkaa. Mistari hiyo imekatwa kwa wino mwengine, wa rangi nyengine, na tarehe ya kukatwa ni ya mwanzo wa Agosti. Mfanyakazi wa hoteli aliyerudi kazini Juni alilipwa mwisho wa Julai, ndipo akalipa. Katikati ya tarehe mbili hizo mwenye duka amebeba mzigo wa hoteli ambayo hajawahi kuingia hata mlangoni.

## Kalenda ya kisiwa

5. Robo ipi ina wageni wengi?

Ya tatu ndiyo yenye nguvu mfululizo. Julai na Agosti ni likizo za shule Ulaya, jua lipo, joto si kali, na upepo wa kusi unawafurahisha wanaoteleza kwa tiara za baharini Paje. Septemba hupungua kidogo bila kuanguka.

Robo ya nne ina sura tatu. Oktoba huwa nzuri, Novemba huzorota kwa mvua za vuli, kisha wiki mbili za mwisho za Disemba huwa za moto kuliko wakati wowote. Robo ya kwanza huanza juu kwa sababu wageni wa mwaka mpya bado wapo na Wazungu wanakimbia baridi, halafu huteremka mwezi Machi. Robo ya pili ndiyo bonde: Aprili na Mei ni masika, na Juni ni mwezi wa kuamka.

6. Kwa nini baadhi ya hoteli hufungwa Aprili na Mei, na wafanyakazi huishi vipi?

Mvua za masika hunyesha mfululizo, barabara za ndani hujaa maji, na kampuni za Ulaya zinazoleta ndege za kukodi hupunguza safari. Mwenye hoteli akiona vyumba havitajaa, hufunga na kutumia muda huo kupaka rangi, kuezeka upya makuti na kutengeneza mabomba. Hoteli kubwa nyingi hazifungi, ila hupunguza watu.

Mfanyakazi wa mkataba wa kudumu huambiwa achukue likizo yake ya mwaka wakati huo, kisha wengine huendelea na likizo isiyo na malipo. Kibarua wa msimu huambiwa atapigiwa simu. Fikiria anayewategemea: bodaboda aliyekuwa akiwapeleka usiku, mama anayeuza maandazi na chai nje ya geti la wafanyakazi, mwenye chumba cha kupanga Kiwengwa.

Kinachosahauliwa ni kwamba shida ya kaya haianzi siku hoteli inapofungwa. Aprili watu bado wanakula mshahara wa Machi na akiba. Ukavu wa mfukoni huonekana zaidi mwisho wa Mei na Juni, wakati hesabu ya wageni imeshaanza kupanda. Vivyo hivyo msimu unaporudi: mgeni huonekana kabla ya noti, na daftari la swali la 4 linaeleza sababu. Ukiona duka limelala Juni na hoteli inajaa, usidhani takwimu ni za uongo. Fedha ziko njiani.

7. Ramadhani inabadilisha nini, na kwa nini kila mwaka inavuruga ulinganisho?

Kwa maoni yangu hakuna swali lenye uzito kuliko hili, na wachambuzi wa mbali ndilo wanalolikosa.

Ramadhani na Idi ndiyo kilele cha matumizi ya kaya Zanzibar. Kwa mwezi mzima watu hununua vya futari: mihogo, magimbi, viazi vikuu, ndizi, tambi, tende, nazi za kutosha. Bei za vyakula hivi hupanda kwa kuwa nyumba zote zinavitaka saa ileile. Kisha wiki mbili za mwisho fedha huhama kutoka sokoni kwenda kwenye nguo. Darajani hapapitiki usiku: kanzu, mabuibui, viatu vya watoto, mapazia, mashuka. Fundi cherehani hulala dukani. Sikukuu yenyewe ni siku nne, na watoto huwa na vishilingi vyao vya kumalizia viwanjani.

Sasa tazama tarehe. Idi el Fitri ilikuwa katikati ya Mei mwaka 2021, mwanzoni mwa Mei 2022, karibu tarehe 22 Aprili 2023, tarehe 10 Aprili 2024, na 31 Machi 2025. Kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11. Ndani ya miaka minne kilele cha manunuzi kimetoka katikati ya robo ya pili kikafika siku ya mwisho ya robo ya kwanza. Mfanyabiashara wa nguo anayelinganisha robo ya pili ya 2025 na ya 2024 ataona mauzo yameanguka na atashika kichwa. Hakuna kilichoanguka. Idi yake imeandikwa kwenye robo nyengine.

Kuna athari ya pili, ngeni kwa kizazi hiki cha utalii. Miaka ile Ramadhani ilipokuwa ndani ya masika, hoteli zilikuwa kimya na wafanyakazi walifunga wakiwa nyumbani kwao. Masika ilikuwa ngumu, lakini manunuzi ya futari na Idi yaliliinua duka la mtaa wakati hoteli imelala. Mabonde na vilima vilikuwa vinafidiana. Kuanzia 2026 Ramadhani inaanza ndani ya Februari, mwezi wa wageni. Maana yake vilima viwili vinapandana robo ya kwanza, na robo ya pili inabaki bila mtetezi: hakuna mgeni, hakuna Idi el Fitri. Idi el Hajj inasaidia kiasi, lakini nayo inarudi nyuma vilevile, na manunuzi yake hayalingani na ya mwenzake. Ifikapo 2030 kutakuwa na Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja, moja ikianza Januari na nyengine siku za mwisho za Disemba, katikati ya vilele vya hoteli.

Mwenye duka anayepanga mkopo wa benki kwa mazoea ya zamani ("Aprili nitalipa, Idi itanisaidia") apange upya.

8. Januari kuna wageni tele. Kwa nini basi watu wanalalamika hawana fedha?

Kwa sababu skuli zinafunguliwa. Sare, viatu, mabegi na madaftari hununuliwa kwa mkupuo, na kodi nyingi za nyumba huangukia hapo. Matumizi yapo, ila yamebadilika sura: duka la vifaa vya skuli linafanya kazi, duka la nguo za kawaida linasubiri. Sherehe za Mapinduzi tarehe 12 Januari huleta watu na harakati za siku chache tu.

9. Haya yote ni ya Unguja. Pemba je?

Pemba ina saa yake, na saa hiyo ni karafuu. Watalii wanaofika ni wachache sana ukilinganisha na Unguja, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa wageni hakutikisi sana maduka ya Wete, Chake Chake au Mkoani. Mavuno ya karafuu kwa kawaida huja nusu ya pili ya mwaka na yanaweza kuvuka hadi Januari. Mchumaji hulipwa kwa pishi, mkulima hupeleka karafuu kavu kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), na bei hupangwa na Serikali.

Tatizo ni kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema ukija, bati, saruji, pikipiki na mahari hununuliwa mpaka vitu vinaadimika. Mwaka unaofuata ni wa kuvumilia. Kwa hiyo ukilinganisha robo ya nne ya Pemba na ya mwaka uliotangulia, unaweza kuwa unalinganisha mti uliozaa na mti uliopumzika. Chukua wastani wa miaka mitatu au minne.

## Fedha za mgeni hufikaje mtaani?

10. Wageni wameongezeka kwa asilimia 15. Mbona dukani kwangu sijaona hata asilimia moja?

Anza na hesabu ndogo. Wageni 736,755 wa mwaka 2024, tukikadiria kila mmoja amekaa siku saba, watakuwa kama 14,000 waliopo kisiwani siku yoyote ya wastani. Kwa kila wakazi 100 hapatikani hata mgeni mmoja. Mgeni si mteja wako. Mteja wako ni anayelipwa na mgeni.

Njia ya fedha hizo ina matundu mengi. Mgeni wa safari iliyopangwa kwa jumla amelipa tiketi, chumba na chakula akiwa Milano au Warszawa. Sehemu ya fedha hubaki kwa wakala na shirika la ndege, na haivuki bahari kamwe. Inayofika hotelini hununua vitu ambavyo vingi vinatoka nje ya kisiwa: mbatata na vitunguu kutoka Bara, nyama, maziwa, mvinyo, hata maua ya mezani. Kinachobaki ndicho mishahara, samaki, usafiri, kodi ya Serikali na bahashishi.

Ndiyo maana mgeni anayelala kwenye nyumba ndogo ya wageni Jambiani, akala kwa mama wa kijiji na kupanda daladala, anaweza kuwa na faida kwa duka lako kuliko wawili walio ndani ya ukuta mrefu wa hoteli, na bangili za plastiki mkononi za kuonesha kwamba kila kitu kimeshalipiwa. Hilo halionekani kwenye idadi.

11. Kwa nini samaki hupanda bei wakati wa msimu?

Sababu ziko mbili na zinakutana Julai. Kusi huchafua bahari, ngalawa na mashua ndogo hazitoki kila siku, samaki wanapungua. Wakati uleule hoteli zimejaa.

Nenda diko la Nungwi, pale samaki wanaposhushwa na kunadiwa, asubuhi uone. Mtungo wa changu umewekwa mchangani juu ya turubai, dalali anaita. Mama wa kijiji mwenye ndoo ya bluu anaanza, mchuuzi wa baskeli anaongeza, mama anaongeza tena kidogo huku akiangalia noti zilizokunjwa kwenye ncha ya kanga. Kisha kijana aliyesimama nyuma, fulana ya hoteli, simu sikioni, anataja bei moja tu. Dalali hangoji. Mtungo unakwenda kwenye boksi la barafu. Mama anageukia kwenye fungu la vibua.

Mvuvi amefurahi, na ana haki ya kufurahi. Miezi ya masika aliuza kwa hasara. Lakini kwa kaya ya Nungwi isiyo na mtu hotelini wala baharini, msimu ni wakati wa kula ghali. Ndiyo maana napinga kauli kwamba robo ya tatu ni neema kwa wote. Kaya yenye mshahara wa hoteli inapata nyongeza pamoja na gharama. Kaya isiyokuwa nao inapata gharama peke yake.

Mboga ni hivyohivyo, ila kwa kiasi: tungule na pilipili boga huletwa kwa boti kutoka Bara, kwa hiyo bei hutegemea pia mavuno ya huko na nauli.

12. Dola ikipanda, Zanzibar inafaidika?

Inategemea umesimama wapi. Hoteli inayouza vyumba kwa dola na kulipa mishahara kwa shilingi hupumua. Papasi, kijana anayewaongoza wageni mitaani, akipewa bahashishi ya dola kumi hupata shilingi nyingi zaidi. Lakini mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta ya petroli huagizwa nje kwa dola hiyohiyo, na kaya zote hula mchele.

Mwaka 2024 ulifundisha pande zote mbili: dola ilivuka shilingi 2,700, kisha shilingi ikapata nguvu sana miezi ya mwisho ya mwaka, msimu wa fedha za kigeni ulipokolea. Waliokuwa wameficha dola nyumbani wakingojea ipande zaidi walipata hasara. Machi 2025 zikatoka kanuni chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania zinazokataza kupanga bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Anayepanga bajeti ya nyumba au duka afikirie kwa shilingi.

## Kusoma takwimu bila kujikwaa

13. Nilinganishe robo hii na iliyopita, au na robo hii ya mwaka jana?

Na ya mwaka jana. Ukilinganisha robo ya tatu na ya pili, kila mwaka utaandika "utalii umepaa", na kila Aprili utaandika "utalii umeanguka". Umepima mvua tu.

Kwa wageni, robo ileile ya mwaka uliopita inatosha. Kwa matumizi ya kaya haitoshi, kwa sababu ya Ramadhani (swali la 7). Hapo jumlisha robo mbili za mwanzo, ulinganishe nusu mwaka na nusu mwaka.

14. Mwaka 2021 ukuaji ulizidi asilimia 50. Je, ulikuwa mwaka bora kuliko 2024?

Hapana. Kutoka 260,644 hadi 394,185 ni ongezeko la asilimia 51, lakini linahesabiwa kutoka shimoni. Wageni walikuwa bado pungufu ya 2019 kwa zaidi ya 140,000. Ongezeko la asilimia 15 la mwaka 2024 lilitoka kwenye kilele cha awali, na kwa idadi ni wageni zaidi ya 98,000. Kila unapoona asilimia ya robo za 2021 na 2022, tafuta namba ya 2019 uiweke pembeni.

15. Idadi ikipanda, mapato nayo yamepanda kiasi hichohicho?

Si lazima. Wageni wanaweza kuongezeka huku kila mmoja akikaa siku chache zaidi au akilala pa bei nafuu. Matumizi ya mgeni hujulikana kwa utafiti wa wanaoondoka, unaouliza watu uwanjani na bandarini walitumia nini na walikuja kwa safari ya jumla au peke yao. Utafiti wenyewe hufanywa kwa muda mfupi, si mwaka mzima, kwa hiyo usiukate vipande vya robo ukadhani kila kipande ni kipimo.

Pia si kila dola anayolipa mgeni ni ya duka. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wa kimataifa hulipa bima ya safari, dola 44 kwa mtu mzima, kupitia Shirika la Bima Zanzibar. Gharama ya kuja ilipanda, idadi haikushuka, na fedha hizo zilipita njia yake. Muuza vinyago wa Mji Mkongwe hakuziona.

## Nyakati zisizo za kawaida

16. Ni mishtuko gani iliyowahi kuvunja mtindo huu wa robo?

Korona inajulikana. Ndege zilisimama Machi 2020, robo ya pili ikawa karibu tupu, na Juni milango ikafunguliwa mapema kuliko nchi nyingi. Kilichofuata kinafaa kukumbukwa zaidi: ndege za kukodi kutoka Urusi zilijaza fukwe mwanzoni mwa 2021, vijana wa Nungwi wakajifunza Kirusi, halafu katikati ya Aprili 2021 Urusi ikasimamisha safari za Tanzania. Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vikaanza, mamia ya Waukraini wakakwama kwenye hoteli zetu bila ndege ya kurudi. Kila mara soko moja lilipobeba robo nzima, robo iliyofuata ililipa.

Mshtuko mwengine haukuhusu wageni kabisa. Disemba 2009 njia ya umeme wa kutoka Bara ilikatika, Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Hoteli kubwa ziliwasha majenereta na wageni wakaendelea kuogelea. Walioumia ni wenye friji za samaki, mafundi wa kuchomelea, wasusi, wenye mashine za kusaga. Robo ile inaonesha kwamba kaya zinaweza kufa njaa ya biashara huku takwimu za ufukweni zikiwa si mbaya.

17. Wageni wa ndani huonekana wapi, kama hawamo kwenye takwimu?

Kwenye boti. Siku za Idi, Pasaka, mwisho wa mwaka na tamasha la Sauti za Busara la mwezi Februari, tiketi za Dar hadi Unguja huisha mapema. Wageni hawa hulipa kwa shilingi papo hapo, hula Forodhani, hununua viungo na kanga za kupeleka nyumbani, na hawana kampuni ya Ulaya kati yao na wewe. Hoteli kadhaa za Paje zimeokoa masika kwa kuwapa Watanzania bei yao maalumu mwisho wa wiki. Natamani wahesabiwe na kutangazwa kila mwezi kama wengine.

18. Ndugu zetu wa Omani na Uingereza wanaokuja kwa Idi ni watalii?

Wakishuka na pasi ya nje, huhesabiwa. Lakini hulala kwa shangazi Michenzani au Fuoni, na fedha zao huingia moja kwa moja kwenye mchele, bati, ada ya chuo na dawa ya bibi. Kwenye takwimu ni wageni. Kwenye uchumi ni kaya. Robo yenye Idi na harusi nyingi huwa na watu hawa wengi, na hoteli haziwaoni.

19. Nataka kufungua mgahawa au duka. Nianze robo ipi?

Ukiwategemea wageni, kodisha mwisho wa Aprili au Mei, wakati mwenye nyumba anasikiliza, ufungue Juni. Utajifunza makosa yako na wateja wachache kabla ya Julai. Anayefungua Disemba hukodi kwa bei ya juu kabisa, hufurahi wiki sita, kisha masika humkuta hana akiba.

Ukiwategemea wakazi, angalia mwezi mwandamo kwanza, kisha kalenda ya ukutani. Duka la nguo lifunguliwe miezi mitatu kabla ya Idi ili mzigo ufike na mtaa ukuzoee. Duka la vyakula lifunguliwe wakati wowote, lakini usikopeshe Mei zaidi ya unachoweza kukisubiri hadi Agosti. Na kwa anayewategemea wageni, mwenye nyumba akitaka kodi ya mwaka mzima, omba ulipe nusu Julai na nusu Januari, miezi ambayo fedha ziko karibu.